Kuwatoa Watoto Kwenda Kutazama Viumbe: Ni Mchezo au ni Ibada?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika darsa yetu ya usiku wa Jumamosi yalizuka majadiliano ambayo hayakumalizika usiku ule wala usiku uliofuata, nami nimeombwa na wenzangu niyaandike hapa, ili wasiohudhuria wayapate na wenye rai nyingine watuletee. Jambo lenyewe, kwa mwenye kulisikia juu juu, ni dogo. Ni desturi tuliyoianzisha ya kuwatoa watoto wa chuoni siku moja katika kila mwezi, tukawapeleka mahali penye miti na ndege na wadudu, wakatembea kwa miguu mwendo mfupi, wakatazama, kisha tukawarejesha kwao kabla ya Magharibi. Mzee wetu mmoja, mtu mwenye ilmu na heshima, alisimama akasema: “Mwawapeleka watoto mwituni kufanya nini? Mtoto hajahitimu juzuu yake, hajazijua nguzo za Sala, nanyi mwamtoa chuoni mkamwonyeshe kaa! Mtungi mpya, harufu ya kitakachotangulia kutiwa ndani yake haiutoki. Tieni Qur-ani kwanza.”

Maneno haya si ya kupuuzwa, na aliyeyasema si mtu wa kujibiwa kwa kejeli. Lakini nayaona yamejengwa juu ya dhana isiyo sawa, nayo ni kwamba Qur-ani iko upande mmoja na mwitu uko upande wa pili, na kwamba saa inayotumika huku imeibwa kule.

Tukikifungua Kitabu chenyewe twakuta nini? Twakuta sura zilizopewa majina ya ng’ombe, nyuki, chungu, buibui, tembo, tini, nyota, mwezi na jua. Katika Surat Al-Ghashiya watu walaumiwa kwa kutomtazama ngamia na mbingu na milima na ardhi. Na walioambiwa hayo kwanza walikuwa Waarabu waliolala na ngamia milangoni mwao. Hawakuambiwa wakamtafute mnyama wa ajabu katika nchi ya mbali. Waliambiwa wamtazame yule waliyemzoea hata wakawa hawamwoni tena. Leo yuko mtoto wa Mombasa aliyezaliwa gorofani, akakua gorofani, aijuaye Surat An-Nahl kwa moyo kutoka mwanzo hata mwisho, na nyuki hajamwona ila yule aliyekufa ndani ya chupa ya soda. Mtoto huyu tumemsifu, tumempa zawadi, na baba yake ametembea kifua mbele mtaa mzima. Nami namsifu. Lakini siwezi kusema kwamba amri aliyoisoma ameitii.

Kwani amri ya kutazama si kama amri nyinginezo. Mtu aweza kumlipia mwenziwe deni, na aweza kumhijia jamaa yake aliyekufa; lakini hawezi kumtazamia. Hapana wakala katika jambo hili. Mwalimu akimwambia mtoto, “Nyuki ni mdudu wa ajabu,” mtoto amepata habari za mwalimu, hajapata habari za nyuki.

Katika baadhi ya vyuo vyetu watoto hufundishwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu pamoja na dalili zake, kwa njia ya Imamu As-Sanusi aliyekufa mwaka 1490. Yule Imamu alikuwa mkali mno katika jambo la taklidi. Alitaka kila mwenye akili timamu aijue dini yake kwa hoja, asiwe mtu wa kusema tu, “Nimewasikia watu wakisema, nami nikasema.” Nasi tumekifanya nini kitabu chake? Tumewapa watoto waimbe dalili zile kwa Kiarabu wasichokifahamu, wakitikisa vichwa, mpaka wazijue kama kasuku azijuavyo salamu. Dawa iliyotengenezwa kuiondoa taklidi tumeinywesha kwa taklidi! Mtoto asema kwamba ulimwengu hugeuka, na kila kinachogeuka kina mwenye kukigeuza. Na hajapata kukaa hata nusu saa akatazama kitu kimoja kikigeuka.

Wako watakaosema kwamba kutazama kwingi ni jambo la wanafalsafa, si la watoto. Basi na tumtaje mwanafalsafa mmoja. Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyekufa mwaka 1185, aliandika kisa cha mtoto aitwaye Hayy bin Yaqdhan, aliyelelewa na paa jike katika kisiwa kisicho na watu. Paa yule alipokufa, mtoto alimpasua kifua akitafuta kile kilichomtoka. Na tangu hapo, kwa kutazama wanyama na moto na nyota, akapanda daraja kwa daraja mpaka akatambua kwamba vyote hivi vina Muumba mmoja. Sidai kwamba mtoto wa Majengo au wa Kisauni akiachwa mwituni peke yake atafika alikofika Hayy. Wengi wangefika kwenye mwembe wa kwanza wakaishia hapo. Lakini nawaomba wasomaji waliangalie jambo moja katika kisa kile, ambalo mimi mwenyewe sikuliangalia mpaka niliporudiwa na makosa yangu: Hayy hakuanza na uzuri wa maua. Alianza na kifo cha mama yake, na swali lake la kwanza lilikuwa swali la uchungu.

Na hapa ndipo nifikapo penye kosa langu, ambalo ndilo hasa lililonifanya niishike kalamu.

Safari yetu ya tatu ilikuwa ya Gazi, kusini ya Mombasa. Tulivuka Likoni mapema, watoto kumi na wanane, wavulana na wasichana, mkubwa wao ana miaka kumi na miwili. Pale Gazi kuna mikoko mingi, na kuna njia ya mbao inayosimamiwa na kina mama wa kijiji, ipitayo juu ya tope katikati ya miti, hata mtoto wa miaka sita aweza kutembea bila ya kuzama. Watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wameuhifadhi mwitu ule kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza kuleta fedha mwaka 2013. Wenye viwanda na wasafiri wa nchi za mbali hulipa kwa ajili ya hewa chafu ambayo miti ile na tope lile huimeza na kuiweka, na malipo yale hutumika kwa maji ya kijiji na kwa mahitaji ya shule. (Nalitaja jambo hili kwa sababu wako Waislamu wenzetu wadhanio kwamba kuhifadhi miti ni kazi ya Wazungu.)

Tulikwenda siku za bamvua. Watoto waujua mwezi wa Kiislamu kwa ajili ya Ramadhani na Idi, lakini wengi hawakupata kuambiwa kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo maji ya bahari yanapojaa sana na kutoka sana. Na kwamba katika pwani yetu hii, siku hizo, maji hutoka mno kiasi cha saa nne au saa tano za asubuhi. Basi tulifika maji yako nje, na tope lote li wazi, na kila kilichokuwa kimejificha kimetoka.

Tukawaonyesha mchu, jinsi mizizi yake inavyochomoza juu kama vidole elfu ili ivute hewa, kwani ndani ya tope lile hewa hamna. Tukawaambia waliguse jani lake kwa ulimi. Wakakuta chumvi, kwani mti ule huinywa bahari kisha huitoa chumvi kwa majani. Tukawaonyesha mkoko wenyewe, uliosimama juu ya mizizi kama mtu aliyeinua nguo asilowe, na mbegu zake ambazo huota zingali juu ya mti mama, zikawa ndefu mfano wa kalamu, kisha zikaanguka zikiwa miche tayari. Mtoto mmoja alisema, “Kumbe huzaa kama mbuzi!” Wenzake wakamcheka, nami nikaona kwamba amesema kweli kuliko vitabu vingi. Tukawaambia kwamba boriti za nyumba na misikiti yetu ya kale zilitoka katika miti ya namna hii. Na kila mahali juu ya tope walikuwako kaa wadogo, madume yao yakipunga lile gando moja kubwa, kama watu waitanao ng’ambo ya mto.

Basi akashuka yangeyange. Akatembea taratibu kwa miguu yake myembamba, akasimama, akadona, akamtoa kaa mmoja. Yule kaa hakumezwa mara moja. Alipigwa chini, akaokotwa, akapigwa tena, gando likamtoka, miguu ikawa inachezacheza. Watoto wote walikuwa kimya. Msichana mmoja wa miaka tisa, ambaye chuoni haandikwi miongoni mwa hodari, akanigeukia akaniuliza: “Maalim, yangeyange ameletewa riziki yake na Mungu. Na kaa je? Kaa alimkosea nini?”

Nikamjibu: “Nyamaza! Usimkufuru Mungu.”

Akanyamaza. Njia nzima ya kurudi alikaa dirishani. Wenziwe walikuwa wakishindana kuhesabu walivyoviona, na mmoja akamwuliza, “Nawe umeona nini?” Akasema, “Miti.”

Ndugu zangu, mimi ni mtu ambaye kwa miaka mingi nimepanda katika majukwaa nikawalaumu wale waifungao milango ya akili, wanaomwambia kijana aulizaye, “Usiulize, ndivyo tulivyowakuta wazee wetu.” Na siku ile, juu ya mbao za Gazi, nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa mbaya kuliko wao, kwani mimi ndiye niliyemchukua mtoto mpaka pale, nikamwambia, “Tazama.” Alitazama. Alitazama vyema kuliko mimi. Na alipotoa tunda la kutazama kwake, nikampiga mkono.

Usiku ule nilivifungua vitabu, si kwa kutafuta jibu la kumpa, ila kwa kutaka kujua kama amekufuru. Nilichokiona kilinitahayarisha. Swali la mtoto yule ni swali la wanavyuoni wa Basra na Baghdadi. Wanavyuoni wa Kimu’tazila walilijadili kwa urefu: mnyama asiye na dhambi, ambaye hakukalifishwa Sala wala Saumu, kwa nini apatwe na maumivu? Wakasema kwamba hapana budi Mwenyezi Mungu atamlipa kwa ajili ya maumivu yake huko Akhera, kwani Yeye ni mwadilifu. Wafuasi wa Imamu Al-Ash’ari, ambao ndio sisi, waliwarudi wakasema kwamba hapana kitu kilicho wajibu juu ya Mwenyezi Mungu. Viumbe ni milki yake, na afanyalo katika milki yake haliitwi dhuluma. Wakabishana karne na karne. Hapana hata mmoja aliyemwambia mwenziwe kwamba swali lenyewe ni ukafiri. Na katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim imetajwa kwamba Siku ya Kiyama haki zitarejeshwa kwa wenyewe, hata kondoo asiye na pembe atatolewa kisasi kwa yule mwenye pembe aliyempiga. Basi kumbe uchungu wa mnyama una daftari yake! Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameingia bila ya kujua katika baraza kubwa, nami bawabu mjinga nikamtoa.

Kisha nikakumbuka lililo kubwa zaidi. Mwenyezi Mungu alipowapa Malaika habari kwamba ataweka khalifa katika ardhi, Malaika waliuliza. Na waliloliuliza lilikuwa juu ya damu itakayomwagwa. Hawakufukuzwa. Nabii Ibrahim, rafiki wa Mwenyezi Mungu, aliomba aonyeshwe vipi wafu watahuishwa. Aliulizwa kama haamini, akajibu kwamba aamini, lakini autaka moyo wake utulie. Na alijibiwa kwa nini? Aliamrishwa atwae ndege wanne. Ikiwa moyo wa Khalilullahi ulikuwa na haja ya kuonyeshwa, na haja yake ikatimizwa kwa ndege, sisi ni nani hata tumwambie mtoto kwamba ndege na maswali ni vitu vya kumpoteza?

Nilipoyasimulia haya katika darsa, mzee wetu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo naliandika hapa kwa sababu lina uzito. Alisema: “Haya yote ni hoja yangu mimi. Mumempeleka mtoto mahali mlipojua kwamba ataona kitu ambacho Ash’ari na Mu’tazila hawakupatana juu yake, na ninyi wenyewe hamna jibu. Mngemwacha chuoni, imani yake ingekuwa salama.” Akaleta na aya ya Surat Al-Maida iwakatazayo Waumini kuuliza mambo ambayo wakifunuliwa yatawaudhi.

Ama aya ile, wafasiri wengi wameieleza kwamba ilihusu zama za kuteremka kwa Wahyi, watu walipokuwa wakiuliza ya kujitia taabuni, hata huenda wakafaradhiwa mambo ambayo Mwenyezi Mungu aliyanyamazia kwa kuwarehemu. Haikuwa juu ya mtoto kumhurumia kaa. Lakini neno lake la kwanza silijibu kwa wepesi. Ni kweli kwamba mtoto asiyetoka hatauliza swali hili leo. Ataliuliza lini? Ataliuliza siku atakapofiwa na mdogo wake kwa homa, au siku atakapokuwa chuo kikuu na kuketi mbele ya mtu asiyemwamini Mungu ambaye analo jibu tayari, jibu jepesi, la kukanusha. Siku hiyo atatukumbuka sisi waalimu wake, na atakachokikumbuka ni neno “Nyamaza.” Imani iliyowekwa salama kwa kutooneshwa kitu ni mfano wa jahazi lililowekwa salama kwa kutotiwa maji. Mbao zake hukauka zikapasuka, na siku ya kulishusha ndiyo siku ya kuzama.

Mwenzetu mwingine alinipa shauri kwamba nimwambie mtoto kuwa kaa hasikii maumivu, ili atulie. Shauri hili nalikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, yaelekea si kweli: wataalamu waliowachunguza wanyama hao wameona dalili nyingi za kuhisi, hata Uingereza, katika sheria yake ya mwaka 2022, iliwaingiza kaa na kamba miongoni mwa wanyama wenye hisia. Ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Mtoto aliona miguu ikichezacheza. Ukimwambia kwamba hakuona alichokiona ili Mungu apate kuonekana mwema, umemfundisha kwamba wema wa Mungu wahitaji uwongo kuutetea. Mungu ametakasika na hayo.

Lipo hata hivyo jambo ambalo tungeweza kumwambia kwa ukweli, nalo si jibu la swali lake, bali ni mlango ulio karibu nalo. Yangeyange hakupewa sharia. Hataulizwa kwa nini alimpiga kaa chini. Sisi tutaulizwa. Imepokewa kwamba Ibn Umar aliwapita vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, akawaambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani afanyaye hivyo. Na imepokewa kwamba sahaba waliwachukua makinda ya ndege mmoja safarini, mama yao akawa anapiga mbawa juu yao, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha arejeshewe watoto wake. Katika safari yetu ya kwanza watoto wawili walikuja na manati mifukoni. Tuliwanyang’anya kwa ukali, bila ya maneno. Lau tungewaketisha tukawaeleza kwa nini ndege yule aulaye wadudu halaumiwi, na mtoto amwuaye ndege asiyemla hulaumiwa, wangekuwa wamejifunza mlango mzima wa taklifu pasi na kufungua kitabu.

Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alisema na watoto juu ya viumbe namna gani? Alimwuliza Abu Umayr, mdogo wake Anas, habari za ndege wake mdogo. Na fakihi mmoja wa Kishafii, Ibn al-Qass, alitoa katika Hadithi ile fupi faida sitini. Aliwauliza sahaba zake kitendawili juu ya mti unaofanana na Mwislamu. Watu wazima wakaenda na mawazo yao katika miti ya jangwani, na Ibn Umar, aliyekuwa mdogo wao, akafahamu kwamba ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Baba yake alipojua baadaye alisikitika kwamba mwanawe hakusema. Nataka kila mzazi aisomaye Hadithi hii ajiulize kama yeye naye angesikitika kwa mwanawe kunyamaza, au angemsifu kwa adabu.

Wengine wameniuliza juu ya utaratibu, nami nitaueleza kwa ufupi, kwani si jambo la maarifa makubwa. Mwendo usizidi maili moja au mbili kwa watoto wadogo. Viatu viwe vya kufunika vidole. Maji yachukuliwe ya kutosha. Kofia kwa wavulana na mitandio kwa wasichana, jua la kwetu si la mchezo. Mahali penye wenyewe hupigwa hodi kwa wazee wa mji. Akionekana nyoka husimamwa kimya, naye huenda zake. Hachumwi kitu wala hakivunjwi, na kila karatasi na chupa hurudi mjini na mwenyewe. Sufuria za pilau na vipaza sauti vibaki nyumbani. Tumeona makundi yaendayo kwa jina la kutazama viumbe, na viumbe vyote vimekimbia kabla hawajashuka garini. Na wasichana waende. Amri ya kutazama haikuteremka kwa wavulana peke yao, na mwenye kuogopea adabu na apeleke mama wa kuwaangalia, kama tufanyavyo sisi.

Wako pia wazazi wanaowakataza watoto wao si kwa ajili ya masomo bali kwa ajili ya mibuyu, kwamba ina majini, na mtoto atapigwa na pepo. Hawa sina la kuwaambia zaidi ya tulilokwisha kulisema mara nyingi katika gazeti hili. Mbuyu ni mti. Mtoto akiukumbatia yeye na wenziwe saba wakapima unene wake kwa mikono, ile hofu itamtoka kwa njia nyepesi kuliko hutuba zetu zote.

Na asiyeweza kwenda Gazi asijipe udhuru, kwani Bamburi iko mlangoni petu. Pale palikuwa na machimbo ya mawe ya saruji, ardhi nyeupe iliyochomwa na jua, haina mchanga wala jani. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja wa Kiswisi, René Haller, alianza kupanda miti. Alijaribu ya namna nyingi, michache tu ikashika, na hodari wao alikuwa mvinje. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakakaa vile vile, hayakuoza, wala udongo haukufanyika, mpaka walipoletwa majongoo. Jongoo aliyala, na kinyesi chake kikawa udongo, na juu ya udongo ule leo kuna mwitu wenye ndege na wanyama. Watoto wetu husoma kila siku juu ya ardhi iliyokufa ikahuishwa. Nilimwona mmoja wao amepiga magoti pale Bamburi, jongoo akimtambaa kiganjani, na yule mtoto asema naye kwa heshima kama asemavyo na mtu mzima.

Ama yule msichana. Nilikwenda kwao, nikamwomba baba yake ruhusa, nikamwambia mbele ya nduguze kwamba swali lake lilikuwa swali la haki, kwamba wanavyuoni wakubwa waliliuliza kabla yake, na kwamba niliyekosa ni mimi. Nikamsimulia habari za kondoo wawili. Nikamwambia pia kwamba jibu lote sinalo. Alinisikiliza akiwa ameangalia chini, akasema, “Haya, Maalim,” kama asemavyo mtoto kwa mtu mzima asiyemwamini bado. Mama yake akaleta kahawa.

Mwezi wa pili tulirudi Gazi. Hakuuliza kitu asubuhi nzima. Tulisali Adhuhuri kijijini, tukarejea juu ya mbao kungoja maji yapande, na kila mtoto akatafuta mahali pake. Yeye aliketi mbele ya shina la mchu, magoti yakiwa chini ya kidevu, na kwa muda mrefu sikujua atazama nini. Kisha akaniita bila ya kugeuka. Konokono walikuwa wakitoka topeni, mmoja baada ya mwingine, wakipanda shinani polepole, na maji yalikuwa bado mbali, hayajaonekana.

“Maalim, wao wajuaje kwamba maji yaja?”

Nikasema, “Sijui.”

Akasogea kidogo, akanipa nafasi juu ya ubao. Tukakaa sote wawili kimya, tukiwahesabu, na tulikuwa tumefika thalathini na saba maji yalipoanza kuingia chini ya miguu yetu.